Supu Isiyoonjwa

Mmeniomba niandike jinsi nilivyofanya kazi, nyinyi mnaobaki jikoni hapa mtaani Kimbo, na Shiro akaongeza kwamba niandike bila kujisifu. Nitajaribu. Watu wa steji ya matatu wanasema nimestaafu kwa sababu ya magoti. Magoti yangu hayana shida yoyote. Nitafika hapo.

Niliacha shule darasa la sita. Mwalimu alikuwa akieleza jinsi nanasi linavyokua, na kutoka dirishani niliyaona mananasi yenyewe, mistari kwa mistari hadi yanapofifia, nikaona ni heri niende nikayaulize yenyewe. Nikaenda kuchuma, huko huko Thika. Nanasi lina miiba hadi kwenye majani. Hilo mwalimu hakulitaja. Baada ya Thika nilichuma kahawa Ruiru, nikawafulia wanafunzi nguo mtaa wa Kahawa Wendani, nikawapikia wachonga mawe upande wa Kalimoni. Kila mahali nilikaa hadi nikaelewa kinachofanyika, kisha nikahama. Mama yangu alipoulizwa Wangeci yuko wapi alijibu, "Yuko njiani," na hakuwahi kukosea.

Ni kwa wachonga mawe nilikojifunza kuonja. Unachota mchuzi, unadondosha kwenye kiganja, unalamba. Mpishi asiyeonja walimwona kama mtu anayeficha kitu. Nilifanya hivyo mara nyingi kwa siku hadi mkono ukawa unajiendea wenyewe, kama mtu anavyojikuna.

Kisha nikaajiriwa jikoni kwa kiwanda kimoja Ruiru kilichokuwa kikifunga mashine mpya. Mafundi walitoka Vietnam. Baada ya kula githeri, mahindi na maharagwe yetu, kwa muda walimwambia mwenye kiwanda kwamba ama waletewe mpishi wao, ama mashine zijifunge zenyewe. Akaletwa Lan. Alikuwa mjane mfupi, mwenye mikono ya mtu aliyebeba sufuria tangu utotoni. Kwao kila mtu huitwa kwa udugu, shangazi, kaka, bibi, hata kama hamjuani. Aliposikia kwamba sisi pia ni hivyo, akauliza bibi, yaani nyanya, huitwaje kwa Kikuyu. Nikamwambia cucu. Kuanzia siku hiyo hakuitikia jina lingine.

Siku ya kwanza alinituma buchani nikalete mifupa ya miguu ya ng'ombe. Mwenye bucha akanisaidia kuibeba, akabaki kuangalia. Lan aliichemsha, povu likapanda, halafu akabeba sufuria nzima hadi kwenye mtaro na kumwaga maji yote.

"Haiya!" mwenye bucha akashika kichwa. "Mama, hiyo ndiyo supu!"

"Hapana supu," Lan akasema. Hapana lilikuwa kati ya maneno yake ya kwanza.

"Wangeci, mwambie. Watu wameoana kwa sababu ya supu kama hiyo."

Sikumwambia. Nilitaka kuona. Aliisugua ile mifupa kama mtu anayeosha mtoto, akaanza upya na maji safi. Alichoma vitunguu na tangawizi kwenye makaa hadi vikawa vyeusi nje na laini ndani, akavimenya, akavitia. Akatia mdalasini, iliki nyeusi, na kiungo kigumu chenye umbo la nyota ambacho nilidhani ni kifungo cha koti. Moto mdogo. Hakufunika, hakukoroga. Sisi tulizoea kukoroga kama tunaotafuta kitu kilichozama. Jioni alipakua supu juu ya tambi za mchele, na supu ilikuwa safi kiasi kwamba nililiona ua lililochorwa ndani, chini kabisa ya bakuli. Wao huiita pho. Mwenye bucha alikunywa mabakuli mawili na kusema bado anaulilia ule mtaro.

Kulikuwa pia na mchuzi wa samaki, yaani samaki waliolazwa kwenye chumvi mpaka wakageuka maji. Alipofungua chupa ya kwanza, askari wa geti alikuja kuuliza nani amekufa. Watu wengi wa kwetu hawamwamini samaki mwenye kichwa na mkia, seuze aliye ndani ya chupa. Lakini matone machache kwenye sufuria, na ile harufu hupotea. Kinachobaki ni kwamba nyama inaanza kuwa na ladha ya nyama. Sijawahi kupata maelezo bora kuliko hayo.

Siku moja alipika kuku na wali wa kunata, vitu ambavyo mafundi hawakuwa wameagiza. Nikadondosha mchuzi kiganjani kama kawaida. Akanipiga mkono kwa upawa.

"Leo siku ya mume wangu," akasema. "Yeye kwanza."

"Si alikufa?"

"Ndiyo. Kwa hivyo hawezi kula haraka."

Ndipo akanieleza. Kila mwaka, siku aliyofariki mtu, nyumba yake inapika alichokipenda. Chakula kinawekwa mbele ya picha yake, kinawashwa kijiti cha ubani, na hakuna anayegusa hadi kijiti kiishe. Walio hai wanakula baadaye. Na mpishi haonji, hata tone, kwa sababu ni kama kumpa mkubwa masazo yako.

"Sasa unajuaje kama kimekolea?"

Akagusa pua yake, akanitazama kama mtu aliyeulizwa anajuaje kama mvua inanyesha.

Mimi ni mtu wa kanisa, si kila Jumapili. Nyanya yangu alikuwa akimwaga uji kidogo chini kabla ya kunywa, na mama, aliyekuwa ameokoka, alikuwa akiupangusa kwa tambara bila kusema neno. Kwa hiyo jambo hili nililielewa kutoka pande zote mbili, na nilikaa kimya pande zote mbili.

Mashine zilipokamilika Lan akarudi kwao. Wakati huo Kiswahili chake kilikuwa cha Ruiru kabisa, na supu yangu ilikuwa inalika. Siku ya kuaga aliinywa polepole. "Wangeci, unapika kama mtu anayeimba wimbo hajasikia. Kuja kwetu." Mambo ya nauli yanachosha, nitayaruka. Nilienda.

Sikuenda kwake moja kwa moja. Nilianzia kusini kabisa, kwenye mito, nikafanya kazi jikoni kwa watu ili nile na nilale. Swali la kwanza kila jikoni lilikuwa umri wangu. Niliona ni ufidhuli hadi nilipoelewa kwamba bila umri hawajui waniite nani. Kwetu pia rika lilikuwa jambo kubwa zamani. Tumeacha, sasa tunaitana boss. Huko Can Tho walinipa mchuzi mchachu wa samaki, wenye ukwaju, nyanya, bamia na vipande vya nanasi. Nililitazama lile nanasi kwa muda mrefu. Miaka yote ile Thika, na hakuna aliyewahi kufikiria kulikutanisha na samaki.

Mji wa Hue wanapika vitu vidogo sana, vikeki vya mchele vilivyonyunyiziwa uduvi mkavu juu, kila kimoja kwenye kisahani chake. Mchonga mawe wa Kalimoni angemaliza visahani vyote mezani halafu aulize chakula kitaletwa saa ngapi. Hanoi nilikaa kwenye kistuli cha plastiki kilichonifanya nitazame dunia kutoka kwenye magoti yangu, nikaletewa kahawa nyeusi iliyodondokea juu ya maziwa mazito ya kopo. Nilikuwa nimechuma kahawa Ruiru misimu mingi. Hiyo ndiyo mara ya kwanza nilijua ni ya nini.

Lan aliishi nje ya mji wa Nam Dinh, watu wanakosema pho ilizaliwa, na sikukutana na aliyekuwa tayari kubishana. Jiko lake lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba, wazi barabarani, na meza chache.

"Wangeci! Haiya, umekonda! Kuja ndani, wacha kusimama kama karani!"

Majirani walitoka kuangalia lugha hiyo inatoka wapi.

Asubuhi iliyofuata aliweka vitunguu kwenye makaa, akanigeukia, akaanza kuniuliza habari za mwenye bucha. Nikamjibu. Akauliza habari za askari wa geti. Wakati huo moshi ulikuwa umenifikia.

"Cucu, vitunguu vinaungua."

Akageuka na kuvitazama. Hapo ndipo nilipoona. Mpishi hugeuka pua ikitangulia. Yeye aligeuka na macho, akavikagua kama mtu anayesoma saa.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Tangu nipate homa. Pua imeenda. Ulimi pia, nusu."

"Imeenda wapi?"

"Imetangulia," akasema, jinsi alivyosikia watu wa Ruiru wakisema kwenye matanga.

Hakuwa amemwambia mtu. Nyumba ilikuwa ya ukoo wa mumewe, na mkubwa wa ukoo sasa alikuwa Thang, mdogo wa marehemu, mzee mnyamavu mwenye kola iliyofungwa hadi juu. Kwenye kumbukumbu ya mwaka uliotangulia, supu ya Lan ilikuwa imeungua kidogo, na Thang aliweka bakuli chini kabla halijaisha. Baadaye alisema, kwa upole, kwamba labda shemeji amechoka. Mwaka huu ataonja tena, na kama mambo ni yale yale, jikoni pafungwe, Lan ahamie kwa mwanawe Hanoi.

"Ghorofa ya kumi na moja," Lan akaniambia. "Jiko ya stima. Huko nitauzia nani supu, ndege?"

Kumbukumbu yenyewe ilikuwa karibu. Chakula ambacho marehemu alikipenda kuliko vyote kilikuwa ile supu, maana alikuwa ameiuza maisha yake yote. Kwa hiyo haikuwezekana kupika kitu kingine. Na haikuwezekana kuonja.

Siku yenyewe jikoni palijaa. Kwao wanawake wote wa ukoo huja kusaidia, kama kwetu kwenye ruracio, sherehe ya mahari, na kama kwetu yupo mmoja anayesaidia kwa kuangalia. Huyo alikuwa mke wa Thang. Alikaa karibu na sufuria, akisokota vikate vyembamba vya unga wa mchele bila kuvitazama. Lan alinisimamisha upande ambako upepo ulipeleka mvuke, ili niwe pua yake. Tulikuwa na faida moja tu: hakuna mwingine chumbani aliyejua Kiswahili.

"Tangawizi iko wapi?" Lan akauliza, akipanga vijiti vya kulia.

"Iko mbele."

"Na nyota?"

"Nyuma."

"Nyuma sana?"

"Kama mtu aliyechelewa kanisani. Yuko mlangoni."

"Mwache aingie pole pole."

Mke wa Thang akauliza tunasema nini. Lan akamjibu, kisha akaniambia, "Nimesema unasifu blauzi yake." Nikaitazama blauzi na kuitikia kwa kichwa, kwa heshima. Akaketi wima zaidi.

Mambo yalikwenda vizuri hadi kwenye chumvi. Chumvi haina harufu. Lan alikuwa na kipimo chake cha mchuzi wa samaki, ambacho mkono wake ulikijua, lakini mke wa Thang alikuwa ameleta chupa kutoka kijijini kwao kama zawadi, naye alikuwa amekaa hapo akingoja kuona ikitumiwa. Mchuzi wa nyumba moja si mchuzi wa nyingine. Lan akatia kiasi. Akanitazama. Nikavuta pua. Nilisikia samaki, mdalasini, mafuta ya mifupa. Kuhusu chumvi, hakuna kitu.

Hapo mkono wangu ukajiendea. Kabla sijafikiri nilikuwa nimeshachota kwa upawa na kudondosha kwenye kiganja, na kiganja kilikuwa kimeshaanza kupanda. Mke wa Thang aliacha kusokota.

"Wangeci," Lan akasema kwa sauti ya mtu anayeomba kijiko. "Una nini kwa mkono?"

"Supu."

"Usilambe."

"Silambi. Inaniunguza."

"Ungua."

Nikaungua. Mke wa Thang akauliza kitu kirefu, na Lan akamjibu kwa kirefu zaidi. Baadaye nilikuja kujua alimwambia kwamba kwetu mpishi hushika supu ya marehemu kiganjani ili kumhakikishia kwamba itamfikia ikiwa moto. Mke wa Thang aliinamisha kichwa. Wanawake wengine nao wakainamisha. Sikuweza tena kuimwaga.

Asubuhi ile kisu kilikuwa kimenikwaruza kiganja nilipokuwa nikikata mifupa ya shingo. Supu ilipopoa kidogo, niligundua kwamba kuna maumivu ya aina mbili mkononi mwangu, ya moto na mengine.

"Cucu, nimejikata hapa asubuhi."

Alielewa haraka kuliko mimi. "Inauma?"

"Kidogo."

"Kidogo ya kweli ama kidogo ya Ruiru?"

"Ya kweli. Karibu haiumi."

Akaongeza mchuzi wa samaki, bila kukoroga, akangoja. Mimi nikadondosha tena, kwa taadhima, wanawake wote wakitazama.

"Sasa?"

"Bado."

Akaongeza. Nikadondosha.

"Sasa?"

"Sasa inauma kama mchuzi wa Ruiru ulivyokuwa ukiuma tukiosha vyombo tukiwa na vidonda."

"Basi," Lan akasema. Akapunguza moto. Daktari atawaambia kwamba chumvi haipimwi hivyo. Hatukuwa na daktari, tulikuwa na kiganja.

Bakuli likawekwa mbele ya picha, vijiti vya kulia juu yake, kikombe kidogo cha pombe ya mchele kando. Thang akawasha ubani, akainama. Tukangoja. Sijui kama mmewahi kuona kijiti cha ubani kikiungua wakati mtu anakingoja. Majivu yanajikunja, hayaanguki, na watu wanazungumza habari za mvua. Nilimwomba Mungu atazame pembeni kidogo, halafu nikamwomba atazame, kwa sababu nilihitaji msaada.

Kilipoisha, Thang alishusha bakuli lile lile la marehemu, lililokuwa limepoa, akainywa supu kwanza, bila tambi. Hakuna aliyegusa chake. Akanywa tena. Kisha akala lote, akageuza bakuli kidogo kuelekea kwenye mwanga ili amalizie yaliyobaki, akasema maneno machache.

Lan hakunitafsiria mara moja. Alikuwa akipanga mboga ambazo zilikuwa zimepangwa.

"Amesema kaka yake amekula," akaniambia mwishowe.

Kuhusu ghorofa ya kumi na moja hakuna aliyetamka neno, siku hiyo wala baadaye. Watu walipozama kwenye mabakuli yao, Lan alichukua lake, akanywa, akatazama ndani.

"Wangeci, iko aje?"

Ndipo nilipoonja kwa mara ya kwanza. Nilimweleza yote, kuanzia tangawizi hadi yule aliyechelewa kanisani, ambaye alikuwa amepata kiti mbele. Alisikiliza huku akila, kama mtu anayesomewa.

Nilibaki kwake nikiwa pua yake hadi mjukuu wake wa kike alipojifunza kusimama mahali nilipokuwa nikisimama. Kisha nikarudi na kufungua jiko letu hapa Kimbo. Mengine mnayajua. Mwenye bucha alizeeka akiniuzia mifupa na kuulizia mtaro. Mwanafunzi mmoja wa Wendani aliomba chapati achovye kwenye pho, nikakasirika, nikajaribu, nikaiandika kwenye ubao wa bei. Kila msichana niliyemwajiri nilimpiga mkono kwa upawa mara moja, si kwa sababu ya marehemu, bali ili kwanza ajue ana pua. Baada ya hapo nilimsimulia ya yule aliyechelewa kanisani, kisha aonje anavyotaka.

Mwaka huu nilipata homa, mnaikumbuka. Ikapona. Niliporudi jikoni, makaa hayakuwa na harufu. Nikadhani ni makaa mabaya. Kisha nikafungua chupa ya mchuzi wa samaki, nikaweka pua hapo hapo mdomoni mwake, na ilikuwa kama kunusa kioo. Sikuwaambia. Nilianza kuviangalia vitunguu kwa macho, nikijua kabisa ninafanana na nani.

Baada ya muda niliona Shiro amehamia upande wangu wa jiko. Alikuwa anasimama tu, akikata dania iliyokwisha kukatwa.

"Cucu," akasema siku moja, bila kuinua macho. Hadi hapo alikuwa akiniita mama. "Nyota iko nyuma."

Nikauliza, "Nyuma sana?"

"Yuko mlangoni."

"Umejua tangu lini?"

"Tangu Pasaka."

"Na umenyamaza tu?"

"Si ulikuwa unapika poa."

"Nani alikuwa anapika poa?"

Akafikiria, kisu hewani. "Sisi," akasema.

Siku iliyofuata nilimkabidhi upawa, nikazunguka upande wa wateja na kukaa dirishani, mahali ambapo kwa miaka yote sikuwahi kukaa. Akaniletea bakuli, akasimama na kujipangusa mikono kwenye aproni.

"Iko aje, cucu?"

Nikamwambia akamuulize mtu mwenye pua. Hakuondoka. Basi nikasogeza tambi kando kwa kijiko, nikangoja supu itulie, nikatazama. Ua la chini ya bakuli lilionekana lote, hadi mishipa ya majani.